Farasi wa Ngong Road: pesa inatoka wapi na inaishia kwa nani

Ukiuliza mtu wa Nairobi Ngong Racecourse ni nini, wengi watakuambia ni pale matamasha hufanyiwa, wengine watasema gofu, wengine watasema ni pale wadosi huenda Jumapili wamevaa kofia kubwa. Zote ni kweli. Lakini nyuma ya ule uwanja kuna kazi ambayo haizungumzwi sana, kuzalisha farasi, na nimekuwa nikiifuatilia kwa muda sasa kwa sababu kila ikijadiliwa naona pande zote mbili zinakosa pointi. Upande mmoja unasema huo ni mchezo wa matajiri na mwananchi hapati kitu, upande mwingine unasema tukifanya kama Ireland tutaingiza mabilioni. Wote wameangalia bei ya farasi, na bei ya farasi ndio kitu inakupotosha zaidi kwa hii biashara. Angalia chakula chake na mikono inayomshika kila siku, hapo ndio utaelewa.

Historia nitaipitia haraka. Mbio za farasi zilianza Nairobi miaka ya mwanzo ya 1900, mji wenyewe ukiwa bado ni kambi ya reli, na uwanja wa kwanza ulikuwa upande wa Kariokor na Eastleigh, ndio maana mpaka leo kuna Race Course Road pale Ngara na ukiipita huoni farasi hata mmoja, ni matatu na mikokoteni tu. Uwanja ulihamia Ngong Road mwaka wa 1954. Wenye farasi walikuwa masetla, na Mwafrika alikuwa saisi, yule wa kulisha, kuosha na kulala karibu na banda, na hiyo picha bado iko kwa vichwa vya watu na siwezi kuwalaumu. Farasi wenyewe walikuwa wanazaliwa juu huko, Njoro, Molo, Naivasha, Gilgil, Nanyuki, mahali kuna baridi na nyasi nzuri na wadudu wachache. Beryl Markham, yule mama wa ndege aliyevuka Atlantiki peke yake 1936, alilelewa Njoro kwa shamba la farasi la babake na akapata leseni ya kufunza farasi wa mbio akiwa bado msichana wa miaka 18 hivi. Bonde la Ufa lilizalisha, Nairobi ikakimbiza na kulipa. Huo mpangilio haujabadilika sana.

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe, kwa sababu bila kuelewa vile farasi anazaliwa huwezi kuelewa pesa zinaendaje.

Farasi jike hubeba mimba miezi 11 na huzaa mtoto mmoja. Mapacha ni balaa, daktari akiona wawili kwa skani mapema huwa anaondoa mmoja kwa sababu mara nyingi wakiachwa wote wanakufa, na mama naye anaweza kuwa hatarini. Kwa hivyo hata ukiwa na bahati yote ya dunia ni mtoto mmoja kwa mwaka, na mwaka mwingine hapati kabisa. Huyo mtoto atakaa na mamake karibu miezi sita, alafu atakula bure mpaka afike miaka miwili ndio aanze kukimbia, na kuna wengine hawafiki, mguu unapinda, kifua kinakataa, ama tu hana haja ya kukimbia. Hesabu vizuri: kutoka siku ile dume alipanda jike mpaka siku ile mtoto anaingia uwanjani ni miaka mitatu hivi ya kulipa bila kupokea hata shilingi.

Alafu kuna hii sheria ambayo watu wengi hawaijui na kwangu ndio siri ya biashara yote. Farasi wa mbio wale wa thorobredi, ambao rekodi zao za ukoo zimeandikwa Uingereza tangu 1791, hawaruhusiwi kuzalishwa kwa sindano. Dunia nzima. Lazima dume na jike wakutane ana kwa ana, la sivyo mtoto haandikwi kwa kitabu, na asipoandikwa hakimbii. Linganisha na ng'ombe wetu wa maziwa. Mkulima wa Githunguri anapigia mtu wa AI, yule wa kupandisha ng'ombe kwa sindano, simu, anakuja na boda na mtungi wake mdogo wenye mbegu ya dume ambaye pengine yuko Kabete ama ng'ambo, kazi imeisha kwa dakika chache na dume hakusogea. Kwa farasi wa mbio hiyo haiko, jike lazima apandishwe lori apelekwe kwa dume, akae huko wiki kadhaa, apigwe skani, alishwe, alindwe usiku, na mara nyingi anaenda na mtoto wake mdogo anayemfuata kila mahali.

Ona vile hiyo sheria moja inafanya. Dume mzuri akiwa mahali, majike wote wanaenda kwake, na majike wakija madaktari wanafungua ofisi karibu, mafundi wa kwato wanahamia, wauza nyasi wanakuja, wenye malori, washona matandiko, mpaka benki inaanza kuelewa farasi ni mali. Ndio maana kuna sehemu chache duniani ambazo zimekuwa kama miji mikuu ya farasi. Lexington kule Kentucky, Marekani, ni moja, uchunguzi wa chuo kikuu cha Kentucky mwaka wa 2012 ulihesabu farasi na jamaa zao, punda na nyumbu (yule mtoto wa punda na farasi, si wa porini), 242,000 kwa hilo jimbo na ajira zaidi ya 40,000. Kildare kule Ireland ni nyingine, na Ireland haikufika hapo kwa nyasi tu, serikali yao mwaka wa 1969 ilisema mapato ya dume wa kuzalisha hayatozwi kodi na iliendelea hivyo mpaka 2008, kwa hivyo matajiri wa dunia walileta madume yao huko na kazi zikafuata. Ripoti ya 2017 ilisema hiyo sekta ya mbio na uzalishaji inagusa ajira karibu 29,000 kwa nchi ya watu milioni 5 hivi.

Na bei za huko ni za kizunguzungu. Frankel, yule dume wa Uingereza ambaye alikimbia mara 14 na hakushindwa hata moja, kupandwa naye mara moja imefika pauni 350,000, na kule Marekani kawaida pesa ya namna hiyo unalipa mtoto akishazaliwa, akasimama na akanyonya. Asiposimama haulipi. Hapo ndio watu wa hapa husikia na kuanza kuota. Lakini ngoja nikuambie kuhusu farasi mmoja anaitwa The Green Monkey. Mwaka wa 2006 kule Florida aliuzwa dola milioni 16 akiwa na miaka miwili, hajawahi kukimbia hata mbio moja. Alikuja kukimbia mara tatu tu na hakushinda hata moja. Milioni 16. Kwa hivyo mtu akikuonyesha bei ya mnada kama ushahidi kwamba kuna utajiri hapa, muulize ni wangapi walizaliwa mwaka huo na wangapi walirudisha gharama zao. Wengi hawarudishi, hata huko kwa wakubwa.

Kama wengi hawarudishi, nani anaendelea kulipa na kwa nini? Hapa ndio pesa ya beti inaingia. Kwa nchi ambazo hii sekta imesimama, sehemu ya pesa ambayo watu wanabet kwa farasi inarudi uwanjani kuwa zawadi za washindi. Ufaransa ni hivyo, Hong Kong ni hivyo, Japani ni hivyo. Zawadi ikiwa kubwa mwenye farasi ana sababu ya kununua mtoto wa farasi, akinunua mzalishaji ana sababu ya kuweka jike, jike akiwekwa mkulima anauza nyasi. Ni mnyororo mmoja, na kichwa chake kiko kwa yule mtu wa kawaida na tiketi yake mkononi.

Kwetu hicho kichwa kilikatika. Wakenya wanabet sana, hiyo hakuna asiyejua, lakini wanabet mpira, mkeka unawekwa kwa simu usiku na pesa inapita M-Pesa, na pesa ya mechi ya Arsenal haina njia ya kufika kwa banda la Ngong. Ile ya farasi inayobetiwa pale uwanjani ni ya watu waliokuja siku hiyo. Kwa hivyo zawadi ni ndogo, na zawadi ikiwa ndogo mtu anaweka farasi kwa sababu anapenda, si kwa sababu inalipa, na watu wa kupenda ni wachache na wanazeeka. Racecourse yenyewe inabidi itafute pesa kwa gofu, kwa matamasha, kwa harusi. Wengine hulalamika eti uwanja umegeuzwa wa disko, mimi naona hayo matamasha yanasaidia kuweka mlango wazi na sioni ubaya wowote.

Sasa kuna kitu kingine kikubwa zaidi ya beti, na hiki watu wa Nairobi wanaishi nacho bila kujua. Ugonjwa.

Kuna virusi vinaitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika, vinaletwa na usubi, wale wadudu wadogo kuliko mbu ambao hutoka jioni jua likizama. Farasi ambaye hajachanjwa akiupata, mara nyingi amekufa, kwa aina kali wanaweza kufa tisa kwa kumi, mapafu yanajaa maji na povu linatoka puani na ni kitu cha kuumiza sana kuona. Nyumbu wanakufa wachache kuliko farasi, punda wachache zaidi. Punda milia yeye anabeba virusi na anaendelea kula nyasi kama hakuna kitu. Sasa fikiria ramani ya Nairobi. Mabanda mengi ya farasi yako Karen na Lang'ata. Lang'ata inapakana na Nairobi National Park. Ndani ya park kuna punda milia. Mvua ikinyesha sana usubi unazaana, na mwenye farasi anakuwa na roho juu mpaka kiangazi kirudi. Chanjo iko na watu wanachanja kila mwaka, na farasi wanaingizwa ndani kabla jua kuzama, lakini virusi viko aina tisa na chanjo haizuii kila kitu.

Hiyo ndio inafunga soko la nje. Unaweza kuzalisha farasi mzuri kabisa Molo, mrembo, wa ukoo safi, na nchi za Ulaya hazitamchukua hivi hivi kwa sababu anatoka mahali pana huo ugonjwa. Na si ubaguzi, wana sababu. Mwaka wa 1987 Hispania waliingiza punda milia kutoka Namibia kwa bustani moja ya wanyama karibu na Madrid na ugonjwa ukawasumbua mpaka 1990. Mwaka wa 2020 Thailand, ambako haukuwa umewahi kuonekana, ulilipuka na zaidi ya farasi 500 wakafa, na walioshukiwa kuuleta ni punda milia walionunuliwa kutoka Afrika. Kwa hivyo dunia inaogopa na inastahili kuogopa.

Afrika Kusini wamejaribu kutoka kwa huo mtego na ni vizuri tuangalie vile ilivyo ngumu. Walitenga eneo la Western Cape tangu 1997, farasi wote wanahesabiwa, wanapimwa, hakuna anayeingia bila kibali, wakafungua soko la Ulaya. 2011 ugonjwa ukatokea ndani ya lile eneo, soko likafungwa, na kwa zaidi ya miaka 10 farasi wao walikuwa wanapitia Mauritius kukaa karantini miezi ndio waendelee, gharama juu ya gharama. Na hao ni watu wenye maabara kubwa na sekta kubwa kuliko yetu mara nyingi. Kwa hivyo mtu akisema Kenya tuzalishe farasi tuuze Dubai, nampenda kwa matumaini yake, lakini aanze kwa kueleza atafanya nini na usubi.

Basi kama bei haitusaidii, na soko la nje limefungwa, na beti imeenda kwa mpira, hii kitu ina faida gani kwa uchumi wa hapa? Ina faida, tena kubwa kuliko vile watu hudhani, ila iko mahali ambapo hakuna mtu anaangalia.

Chukua farasi mmoja tu, kilo 500. Anakula kama asilimia 2 ya uzito wake kila siku, hiyo ni kilo 10. Hata ukitoa nafaka, unazungumzia beli kama 15 mpaka 20 za nyasi kavu ya boma rhodes kwa mwezi, kila mwezi, awe ameshinda ama ameshindwa. Hizo beli hazitoki Karen, zinatoka kwa mkulima wa Nakuru, Laikipia, Narok, na lusani inatoka mahali pana maji ya kunyunyizia kama Naivasha. Na mwenye farasi ni mteja mzuri kwa sababu anataka nyasi safi, kavu, isiyo na ukungu, farasi hatapiki na tumbo lake likichafuka anaweza kufa siku hiyo hiyo, kwa hivyo huwezi kumuuzia takataka na yeye analipa zaidi ili apate nzuri. Mkulima aliyezoea kuuzia ng'ombe akipata mteja wa farasi analazimika kuvuna kwa wakati, kukausha vizuri na kujenga stoo isiyovuja. Hiyo nidhamu inabaki kwa shamba lake hata kwa beli za ng'ombe.

Kila baada ya wiki sita hivi fundi wa kwato anakuja, anaondoa vyuma, anakata kwato, anachonga, anapiga vyuma vipya. Hii si kazi ya kusomea wiki mbili, ukipiga msumari vibaya kidogo farasi anachechemea na mbio zimeisha. Mafundi wazuri ni wachache na wanajulikana kwa majina, na wengi wamejifunza kwa kushika mguu wa farasi nyuma ya mzee fulani kwa miaka. Alafu kuna maranda, farasi wanalalia maranda, na maranda yanatoka kwa viwanda vya mbao na karakana za fanicha, kitu ambacho zamani kilichomwa sasa kinauzwa kwa gunia. Samadi inayotoka bandani inaenda kwa watu wa maua na wa uyoga. Halafu daktari wa mifugo, dereva wa lori, mshona tandiko, askari wa usiku.

Na saisi. Ukitaka kujua hii sekta inamgusa nani, ni saisi. Kwa mabanda mengi saisi mmoja ana farasi wawili, watatu, au wanne, si kama ng'ombe ambapo mtu mmoja anaweza kuchunga mia. Hakuna mashine ya kuchukua hiyo kazi. Farasi lazima apigwe brashi, kwato zikaguliwe, atembezwe, apoe, anyweshwe, na saisi ndiye anaona wa kwanza kwamba leo huyu hajamaliza chakula, ama mguu wa nyuma una joto. Nimekaa na masaisi ambao babu zao walikuwa masaisi Njoro, wanajua farasi kuliko wenye farasi, wanajua mama yake alikuwa na tabia gani, na mshahara wao hauonyeshi hiyo elimu hata kidogo. Hiki ndicho kitu kinaniuma zaidi kwa hii habari yote. Tunazungumza kuhusu zawadi za mbio kubwa ya Derby na hatuzungumzi kuhusu cheti cha saisi, mkataba wake, bima yake akipigwa teke. Joki angalau jina lake linaandikwa kwa programu ya siku.

Kuna mtu atasema, sawa, lakini punda ndiye anabeba Kenya. Na ni ukweli mtupu, maji ya mitaa mingi yanafika nyumbani kwa punda, si kwa farasi. Nilimtaja punda hapa kwa sababu yeye ametufunza somo la uzalishaji kwa njia mbaya. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa, Mogotio, Naivasha, Turkana, Machakos, ngozi zikaenda Uchina kutengeneza dawa. Punda jike hubeba mimba karibu mwaka mzima, mara nyingine zaidi. Taasisi ya utafiti, KALRO, ilihesabu karibu laki 3 waliochinjwa kufikia mwisho wa 2018, kasi ambayo hakuna mnyama wa kuzaa mmoja kwa mwaka angeweza kuifuata, wezi wakaanza kuiba punda usiku, na serikali ikapiga marufuku 2020, korti ikafungua tena 2021, mpaka Umoja wa Afrika ukaamua 2024 kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kusimamishwe kwa bara zima. Sensa ya 2009 ilikuwa na punda milioni 1.8, ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Biolojia ya hawa wanyama haina haraka, na ukiweka pesa ya haraka juu yake kitu kinavunjika.

Kurudi kwa farasi, jambo la mwisho ni umri. Farasi wa mbio wengi wanamaliza kazi wakiwa na miaka sita, saba, nane hivi. Anaishi mpaka 25. Hiyo miaka karibu 18 ya baadaye hakuna anayeiweka kwa hesabu, na kwa Nairobi naona ndio yenye pesa nyingi zaidi ukiijumlisha. Wanaenda shule za kufunza watoto kupanda huko Karen, polo pale Jamhuri na Gilgil, kuruka vizuizi, safari za watalii kule Laikipia na Mara, wengine wanaishia kubeba watoto kwa picha wikendi, na hao wa picha ndio naomba wakaguliwe zaidi, wengi wao mbavu zinahesabika. Kila mmoja wao bado anakula kilo 10 kwa siku, bado anahitaji fundi wa kwato na saisi. Mzazi wa South C anayelipa mtoto wake somo la Jumamosi analipia nyasi ya mkulima wa Laikipia bila kujua, na huyo mzazi hahitaji farasi ashinde kitu. Hawa wateja ni wengi kuliko wenye farasi wa mbio, wanaongezeka, na hawajali beti wala Ulaya. Shida yao ni ardhi. Mabanda yako kwa ploti ambazo kila mwenye pesa anataka kujenga nyumba za kuuza, na banda likifungwa Karen farasi hawahamii Kitengela kirahisi, maana wateja hawawafuati na barabara ya jioni iko vile iko. Kaunti ikipanga matumizi ya ardhi huko Karen na Lang'ata, hayo mabanda yahesabiwe kama biashara zenye wafanyakazi, kwa sababu kwa sasa kwa karatasi yanaonekana kama uwanja mtupu wenye nyasi.